Dole Gumba la Mama Esteri

Kama yupo aliyewahi kumshinda Kezia binti Venanti kwa maneno, basi huyo hakupitia Kagerankanda. Mwaka ule wa sabini na sita alirudi kwao kutoka chuo cha ufundi Dar es Salaam, amevaa buti za mpira na suruali ya kaki, begani kabeba fimbo ndefu ya chuma, na watu waliozoea kumwona akienda kuteka maji wakabaki midomo wazi. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Pasikali, alimpokea kwa heshima zote za mgeni wa serikali, kisha akashindwa kujizuia.

“Kezia, mwanangu, umesoma miaka yote ile uje kutupimia matope?”

“Ndiyo, baba. Na matope yako yakifeli, wodi uisahau.”

Hilo halikuwa la mzaha.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ilikuwa ijengwe wodi ya wazazi, moja tu, na mahali palipotajwa palikuwa pawili: Kagerankanda, au Kasanda kule upande wa Kibondo. Kasanda palikuwa na kiwanja cha changarawe, hakina maneno. Kagerankanda ni udongo wa mfinyanzi mtupu, mwekundu, na mhandisi aliyepewa kazi, Bwana Abdulrahmani, mtu wa Pangani, alikuwa ameshaona majengo yaliyokalishwa juu ya mfinyanzi yakapasuka kuanzia dirishani mpaka msingini. Akasema waziwazi: udongo wa Kagerankanda ukionekana dhaifu, wodi inakwenda Kasanda, na asimfuate mtu na kuku wa kumlainisha.

Na wodi ikienda Kasanda, wanawake wa Kagerankanda wataendelea kubebwa kama zamani juu ya ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo wanaume huiweka mabegani, mlima kwa bonde, mpaka hospitali ya Kabanga. Wengine walifika. Esteri, dada mkubwa wa Kezia, hakufika. Alikata roho njiani, mtoto akiwa bado tumboni, na mama yao akitembea ubavuni akiwaambia wabebaji, “Polepole, jamani, polepole.” Jina la marehemu likabaki kwa mama. Kijiji kizima kilimwita Mama Esteri, na yeye aliitika.

Kwa hiyo msidhani Kezia alikuja kuonyesha buti zake. Aliitaka ile wodi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuwa na wasiwasi kwamba ataipata. Udongo ule aliujua. Alikulia juu yake, aliteleza juu yake, na mama yake aliufinyanga vyungu vilivyomsomesha. Lakini mhandisi halishwi mapenzi ya mtu kwa kwao. Yeye alitaka vipimo.

Siku ya kupima, kijiji kilihamia kiwanjani. Vijana wakachimba shimo la kimo cha mtu, Kezia akashuka ndani, akamwita mwenyekiti.

“Baba, bonyeza ukuta huu kwa dole gumba. Kwa nguvu.”

Mzee Pasikali akabonyeza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ukucha uliacha alama, dole halikuingia.

“Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji chuo,” Kezia akasema. “Sasa twende cha pili.”

Akaichukua ile fimbo yake. Mwishoni ilikuwa na mabapa manne ya chuma yaliyopangwa hivi kwamba ukiyatazama kwa chini unaona msalaba, na ndiyo maana akina mama walishaanza kusema binti Venanti anabatiza ardhi. Akaisukuma kwenye sakafu ya shimo, ikazama na mabapa yake, kisha akaanza kuuzungusha mpini wake polepole, macho kwenye saa ya kupimia nguvu iliyofungwa juu ya fimbo. Udongo ulikataa. Mshale ukapanda, ukapanda, halafu ghafla ukaachia, na Kezia akatabasamu peke yake mle shimoni.

“Umekubali?” wakauliza juu.

“Umeshindana nami kweli kweli! Sasa tazameni maajabu.”

Akaizungusha fimbo haraka haraka, raundi baada ya raundi, kama anayekoroga uji, kisha akapima tena palepale. Safari hii mshale haukufika hata nusu.

“Mnaona? Udongo ni uleule, mahali ni palepale. Ila nimeuvuruga, na nguvu zake zimekwenda. Nguvu ya mfinyanzi ni jinsi ulivyolala tangu zamani. Ukiukanda, umeumaliza. Kwa hiyo vipande nitakavyokata leo kwenda maabara Kasulu, asivitikise mtu, asivibonyeze mtu, hata kwa bahati mbaya. Tumeelewana?”

“Tumeelewana!” kijiji kikaitika kwa pamoja.

Kijiji kizima, isipokuwa mtu mmoja. Mama Esteri hakuwapo pale. Alikuwa nyumbani anawapikia maharage watu wa lori la serikali waliokuwa njiani, kwa sababu binti yake hawezi kuleta wageni wa serikali halafu walale na njaa.

Kezia akakata vipande vinne kwenye ukuta wa shimo kwa kisu na waya, kila kimoja kama tofali nene. Akavizungushia kitambaa, akavipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa ili visikauke, akavilaza sandukuni juu ya majani makavu. Mvua ikanyesha. Lori lililokuwa lije kuvichukua halikuja, na punde habari ikafika kwamba dereva, Nestori, amekwama bondeni, magurudumu yamezama. Kezia, ambaye hakuwahi kuamini kwamba mwanamume anaweza kuchomoa gari bila yeye kusimamia, akakimbiza sanduku nyumbani na kulisukuma chini ya kitanda cha mama yake.

“Mama, niangalizie hili. Ni udongo wetu, unakwenda kwa wakubwa.”

Hakusema lingine. Akavaa buti, akaenda kwenye matope kuwapigia kelele wanaume, na jua lilikuwa linazama lori lilipotoka.

Asubuhi alilitazama sanduku kabla ya kulipakia. Nta ilikuwa imekaa vizuri ajabu, pembe zote zimenyooka. Akajisifu kimoyomoyo kwamba mkono wake umeanza kuwa mwepesi kama wa mama yake. Mama Esteri naye akapanda lori na mzigo wake wa vyungu, anakwenda sokoni Kasulu, na mzee Pasikali akapanda kwa kuwa ni mwenyekiti na jambo haliwezi kwenda bila yeye.

Maabara ilikuwa ndani ya ghala la Isihaka, mwenye duka, kati ya magunia ya chumvi na marobota ya vitenge. Mle Bwana Abdulrahmani alikuwa amefunga mashine ya kukandamiza: sahani mbili za chuma, mpini wa kuzungusha, na saa yenye mshale. Juu ya kioo cha saa alikuwa amechora mstari kwa penseli nyekundu.

“Mshale ukifika hapa kabla udongo haujapasuka, tunajenga,” akasema. “Usipofika, hatujengi. Nadhani hapo hakuna siasa.”

“Hakuna,” akasema Kezia. “Mshale utaupita huo mstari, bwana mkubwa, mpaka uchore mwingine.”

Mhandisi akacheka. Akafungua kipande cha kwanza mwenyewe, akakichonga kikawa mche wa mviringo, akakisimamisha kati ya sahani, akazungusha mpini. Mshale haukutikisika vizuri. Udongo ukatanuka tumbo, ukakaa chini kama ugali wa moto.

Akachonga cha pili, nacho kikakaa chini vilevile. Mzee Pasikali akavua kofia.

“Bibie,” Bwana Abdulrahmani akasema taratibu, na ule upole wake ndio uliouma, “fimbo yako imekuambia udongo una nguvu. Mashine inaniambia hauna. Siwezi kuwalaza wazazi na vichanga juu ya maneno ya fimbo. Kesho mchana nakwenda Kasanda.”

Kezia hakuogopa kuaibika, aliogopa ile njia ya Kabanga. Lakini hata hapo hakuamini, hapana, hata kidogo. Akakivuta kipande cha tatu, akakifungua kwa mikono yake, polepole, akakigeuza.

Kilikuwa kizuri mno. Kilikuwa laini kotekote, hakina kokoto, hakina hata uzi wa mzizi. Udongo aliokata yeye shimoni ulikuwa na vijimizizi na punje za mawe. Na chini, kwenye pembe, palikuwa na alama ya dole gumba lililobonyezwa kisha likageuzwa kidogo kulia, likaacha umbo la mwezi mchanga.

Alama ile aliijua kabla hajajua kusoma. Ilikuwa chini ya kila chungu, kila mtungi, kila bakuli la nyumbani kwao, na nusu ya wanawake wa soko la Kasulu walikuwa wakigeuza chungu kuitafuta kabla ya kununua. Kila mfinyanzi ana alama yake. Hii ilikuwa ya Mama Esteri.

Mama wee! Kezia akakishika kile kipande kwa mikono miwili. Akisema, mama yake ataingia midomoni mwa kijiji kuwa ndiye aliyewanyima wodi, na watu wakianza kusema hawajui kuacha. Akinyamaza, Kasanda watajenga, na ingobyi itaendelea kupanda ile milima. Alitamani kulia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani, mpaka alipokumbuka jinsi alivyolisukuma lile sanduku chini ya kitanda na kukimbia. Kijiji kizima alikifundisha. Mama yake mzazi hakumwambia neno.

“Bwana mhandisi,” akasema, na sauti ilitoka imara kuliko alivyotegemea. “Vipande hivi vimekandwa.”

“Vimekandwa na nani? Si nilikwambia sampuli isitoke machoni pako?”

“Uliniambia, nami niliiacha itoke. Kosa ni langu, siyo la udongo. Nipe dakika moja.”

Akatoka nje. Mama Esteri alikuwa amekaa barazani, anapanga vyungu vyake.

“Mama, njoo ndani. Jana ulifanya nini na ule udongo?”

Uso wa mama ukachanua. Alikuwa amengoja kuulizwa! Akaingia ghalani akijifunga kanga vizuri, akamwamkia mhandisi kwa unyenyekevu, akaeleza bila kukata pumzi, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kwa lafudhi ya Kiha.

“Nimeusafisha, baba. Niliufungua nikaona, yewe! Kokoto, mizizi, takataka, na unakwenda kwa wakubwa! Mtu hupeleka hata maharage kwa mgeni hajayachambua? Nikauloweka kidogo, nikaukanda mpaka ukawa laini, nikautengeneza upya kama ulivyokuwa, nikayeyusha nta nikaupaka. Udongo wa mwanangu usifeli kwa sababu ya uchafu. Mmeuona ulivyo mzuri?”

Bwana Abdulrahmani akatazama sakafu. Mzee Pasikali akaguna, “Imana yanje,” Mungu wangu, kwa Kiha cha kwao. Mama Esteri akawatazama mmoja mmoja, kisha akautazama ule udongo uliokaa chini kwenye mashine, na tabasamu likamtoka usoni taratibu.

“Nimewaharibia?”

Kezia alitaka kumwambia hapana. Akashindwa kumdanganya.

“Nguvu yake ni jinsi ulivyolala, mama. Ukikandwa unaipoteza.”

“Na wodi?”

Mama Esteri akakaa juu ya gunia la chumvi, mikono yake akaiweka mapajani na kuitazama. “Mikono hii,” akasema. “Mikono hii ndiyo iliyomfunga Esteri kwenye ingobyi. Na leo tena.”

Hapo Kezia akapiga magoti mbele yake palepale ghalani, buti na yote, akaishika ile mikono, akamgeukia mhandisi.

“Bwana mkubwa, hakuna aliyefanya hapa kwa ubaya. Umesema kesho mchana unakwenda Kasanda. Kesho mchana bado haijafika. Twende sasa hivi Kagerankanda, uione fimbo kwa macho yako, nikate vipande vipya ukiwa umesimama juu ya shimo. Vikishindwa, mimi mwenyewe nitakubebea mizigo mpaka Kasanda.”

Mhandisi akapangusa miwani. Huenda alikuwa na mama yake Pangani. “Nitakuja,” akasema. “Lakini barabara yenu ile, bibie! Hata ukikata vizuri, lori litavitikisa mpaka vife.”

“Hilo niachie mimi.”

Wakaenda jioni ileile. Asubuhi Bwana Abdulrahmani akashuka shimoni na viatu vyake vya Dar es Salaam, akaushika mpini mwenyewe, akauzungusha, jasho likamtoka. Aliuvuruga udongo, akapima tena, mshale ukaanguka. Alipotoka shimoni alimtazama Kezia tofauti. Vipande vipya vikakatwa, vikafungwa, vikapakwa nta. Kisha Kezia akalibeba sanduku mbele ya watu wote, akapita kwa mwenyekiti, akapita kwa mhandisi, akaenda mpaka pale mama yake alipokuwa amejibanza nyuma ya wenzake.

“Mama, panda mbele. Hili utalipakata wewe.”

Minong’ono ikaanza. Mama Esteri akarudi nyuma. “Mimi? Kezia, usinitanie.”

“Sikutanii. Mitungi yako umeipeleka Kasulu kwa barabara hii miaka mingapi, imevunjika mingapi? Hakuna mtu Kagerankanda anayejua kusafirisha udongo kukushinda. Nilipaswa kukueleza juzi, sikukueleza. Leo nakueleza: usiufungue, na usitikisike. Basi.”

Bwana Abdulrahmani, ambaye kiti cha mbele kilikuwa chake kwa cheo, akamfungulia mlango. “Karibu, mama,” akasema, akapanda nyuma na mzee Pasikali.

Mama Esteri akakunja kanga yake ya pili akaiweka mapajani, sanduku likakaa juu yake, mikono ikalizunguka. Kezia akajibana kati yake na Nestori. Wakaondoka. Kila shimo lilipotokea mbele, Mama Esteri aliinua sanduku kidogo hewani na kuliacha lishuke na mwili wake, na kila bonde lilipokaribia alisema bila kugeuka, “Polepole, baba. Polepole.”

Nestori hakuwa mtu wa kuambiwa mwendo na mwanamke, lakini siku ile aliendesha kama amebeba mayai. Kezia alitazama mbele tu. Alijua mama yake anamwambia nani, na machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

Walifika ghalani kabla ya ule mchana ambao mhandisi alisema atakwenda Kasanda. Isihaka alifunga duka aje kuona. Bwana Abdulrahmani akafungua kipande: kokoto, mizizi, wekundu mgumu, ubaya ule wote mzuri. Akakichonga kwa shida, akakisimamisha, akazungusha mpini. Mshale ukaanza kupanda. Ukapanda hatua kwa hatua, haukimbii wala hausiti, ukafika kwenye mstari mwekundu.

“Umefika!” mzee Pasikali akapiga kelele.

“Ngoja kwanza,” akasema Kezia.

Mshale ukaupita mstari. Ukaenda mbele, ukaenda tena, ndipo udongo ukapasuka, mpasuko mmoja wa mshazari, safi, kutoka juu mpaka chini. Bwana Abdulrahmani akaachia mpini. Vipande vingine navyo vikaupita.

“Tunajenga Kagerankanda,” akasema. Halafu akamtazama Kezia. “Nao mstari mwingine utauchora wewe, kwa kuwa ulijua.”

Ghala likalipuka. Mwenyekiti alimkumbatia Isihaka, mtu ambaye kwa kawaida alikuwa akizozana naye kuhusu bei ya chumvi. Mama Esteri peke yake hakusogea. Alikuwa bado amesimama karibu na mlango, mikono nyuma ya mgongo, kama anaogopa ikimponyoka itafanya jambo.

“Kezia,” akasema. “Sasa ninaweza kuugusa?”

“Sasa unaweza, mama.”

Akaja taratibu. Akachukua nusu ya ule udongo uliopasuka, akaulaza kiganjani, akaweka dole gumba lake juu, lile lililotia alama maelfu ya vyungu, akabonyeza. Akabonyeza kwa nguvu zake zote mpaka dole likawa jeupe. Halikuingia. Akajaribu kuligeuza kulia kama kawaida yake, likateleza.

Akabonyeza tena, na hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, bila kuficha, akicheka katikati ya kilio.

“Ungembeba,” akauambia ule udongo. “Esteri wangu, ungembeba.”

Kezia akamshika mabega. Walisimama hivyo mpaka mhandisi alipomaliza kufungasha mashine yake, kisha wakatoka wote nje kumsaidia Nestori kugeuza lori.